Kidato Kwenye Njia ya Mbuzi

Kijiko ndicho kilichonishtua. Ilikuwa Jumanne, tarehe 17 Julai 2007, saa 11 jioni na dakika kama 10, nami nimekaa ghorofa ya sita katikati ya jiji la Nairobi, chai yangu ya pili mezani. Kijiko kikaanza kugonga kikombe, ti-ti-ti, kama mgeni anayebisha hodi bila hakika kuwa wenyewe wamo. Nikadhani lori linapita chini. Nilipoinua macho nikamwona jirani yangu wa meza naye anakitazama kijiko changu. Tukabaki hivyo kwa muda wa kumtosha mtu kuvaa kiatu kimoja na kuanza cha pili. Ndipo jengo likayumba.

Ngazi zilijaa kufumba na kufumbua. Mama mmoja wa uhasibu alishuka peku, viatu mkononi. Mlinzi wa mlangoni alikuwa akitusukuma tukae mbali na vioo, huku naye mwenyewe amesimama chini ya vioo hivyo hivyo. Barabara ikajaa watu wa maofisini, shingo zimeelekea juu, kila mmoja akilitazama jengo lake kama anayemtazama mbwa wake aliyemwuma mtu.

Tetemeko hilo halikuwa la kwanza. Tangu Alhamisi ya wiki iliyotangulia ardhi ilikuwa ikitikisika na kutulia, ikitikisika na kutulia. La Jumanne ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote: 5.9. Usiku ule tukaambiwa limeanzia Tanzania, chini ya mlima Gelai, ng'ambo ya kusini ya Ziwa Natron. Kesho yake ofisini, mimi Mtanzania wa pekee, nikapokewa kwa maneno: "Bwana, mbona watu wenu wanatutingisha? Si mseme tu mnataka nini?"

Sikuwa na jibu. Nilikwenda kulitafuta Agosti iliyopita, nikiwa na gari la kukodi, dereva mwenye subira, na rafiki niliyesoma naye sekondari ambaye sasa anafundisha jiolojia. Tangu shuleni tunamwita Mwalimu, kwa sababu hata mpira alikuwa akiufundisha badala ya kuucheza.

Ukitoka Arusha kwa barabara ya Dodoma, unakunja kulia Makuyuni, na lami inakupeleka mpaka Mto wa Mbu. Pale tulinunua ndizi nyekundu na maji ya siku tatu, tukaiacha lami, tukaelekea kaskazini. Kuanzia hapo mkono wa kushoto unakuwa na ukuta. Mlima una kilele na una mwisho. Huu ni ukuta wa mamia ya mita kwenda juu, unaonyooka kuelekea kaskazini mpaka macho yanachoka kuufuata. Mkono wa kulia ni tambarare, vumbi, migunga, na punda wenye madumu ya maji.

"Umekuja kuona ufa," Mwalimu akasema. "Basi ndio huo."

Nilikuwa nikitazama chini. Mtu wa kwetu akisikia ufa huwaza nyufa za shamba la mpunga wakati wa kiangazi, shimo jembamba la kutumbukiza mguu. Mwalimu akatoa mkate wa boflo tulioununua, akaukata kisu kikiwa kimelala mshazari, akavishika vipande viwili vikiwa vimegusana. Kisha akavivuta kila kimoja upande wake, taratibu. Kipande kilichokuwa kimeegemea mshazari kikateleza, kikashuka. "Kilichobaki juu ni huo ukuta," akasema. "Kilichoshuka ndicho tunachoendeshea gari." Dereva akauliza kama sasa mkate unaweza kuliwa.

Mvutano wenyewe ni wa bara zima. Upande wa magharibi ni bamba kubwa la Afrika. Upande wa mashariki ni bamba la Somalia, lililobeba Dar es Salaam, Mombasa na visiwa vyote vya Zanzibar. Kwa hiyo sisi watu wa pwani ndio tunaoondoka, na wenye haraka wasijipe matumaini: huku kaskazini mwa Tanzania mwendo ni milimita chache tu kwa mwaka, karibu sawa na kucha inavyokua kwa mwezi mmoja. Lakini mwamba haunyooki kama mpira. Hubana, hushikilia, huweka kama mtu anayeweka kinyongo, miaka mingi, halafu siku moja huachia. Kuachia huko ndiko tunakokuita tetemeko.

Engaruka tulisimama kidogo kwenye magofu ya wakulima walioishi chini ya ukuta huo kati ya karne ya 15 na ya 18. Mifereji yao ya kumwagilia na kuta za mawe za mashamba yao bado zinaonekana. Walichagua mahali hapa kwa sababu vijito hushuka kutoka juu ya ukuta na kufika kwenye ardhi kavu. Hawakuhitaji somo la mabamba ili kujua kuwa ufa hutoa maji.

Baada ya Engaruka, Ol Doinyo Lengai ukatokea mbele yetu: mlima uliochongoka kama pia iliyogeuzwa, wa kijivu, wenye makorongo ubavuni kama mikunjo ya kanga iliyonyauka. Wamaasai wanauita Mlima wa Mungu. Ni volkano hai, na hakuna nyingine duniani inayotoa lava kama yake. Lava ya kawaida huwa na joto la zaidi ya nyuzi 1,000. Ya huku haifiki 600, ni nyeusi, nyepesi, inatiririka karibu kama maji machafu, na ikishapoa na kukutana na unyevu hugeuka kuwa nyeupe. Sababu ni magadi yaliyomo ndani yake.

Magadi! Bibi yangu wa Pangani alikuwa na kipande chake kwenye kopo jikoni. Maharage yakigoma kuiva aliyatupia kidogo, na nusu saa baadaye yamesalimu amri. Sikuwahi kujiuliza yalitoka wapi. Yanatoka kwenye bonde hili: chemchemi za moto huyaosha kutoka kwenye miamba ya volkano, huyamimina kwenye maziwa yasiyo na njia ya kutokea, kama Natron hapa na Magadi upande wa Kenya, na jua hufanya kazi iliyobaki. Kumbe Bonde la Ufa lilikuwa limeshaingia sufuriani kwetu kabla sijajua kusoma.

Tuliingia kijiji cha Engare Sero jua likizama. Ziwa lilikuwa mbali kidogo, waridi kwenye kingo: heroe wadogo, ndio flamingo, ambao Natron ndiyo mazalio yao makuu katika Afrika Mashariki. Joto lilikuwa limejificha ndani ya mawe na sasa linatoka. Tulitandika mikeka nje, na baada ya chai Mwalimu akafungua kompyuta.

Picha aliyonionyesha ilifanana na kitunguu kilichokatwa katikati: pete za rangi ndani ya pete za rangi, juu ya ramani ya Gelai. Mwaka 2007 setilaiti ya Ulaya iitwayo Envisat ilikuwa ikipita juu ya eneo hili ikimulika ardhi kwa rada. Ukilinganisha mwangwi wa siku moja na wa siku nyingine, kila pete inakuambia ardhi imesogea sentimita 2.8, ama kuisogelea setilaiti ama kuikimbia. Nikaanza kuhesabu pete kwa kidole, nikaishiwa na vidole. Ubavu wa kusini wa Gelai ulikuwa umezama katikati, makumi ya sentimita, na pembeni umeinuka.

"Tetemeko lile lilifanya yote haya?" nikauliza.

"Hapo ndipo utamu ulipo," Mwalimu akasema. "Halikufanya."

Mwezi mmoja hivi kabla ya siku ya kijiko, watafiti walikuwa wamefukia vipima-mtetemo kati ya Ziwa Manyara na Natron kwa shughuli zao za kawaida. Bila kutarajia, wakajikuta wametega masikio mlangoni kabisa pa kituko. Vipima-mtetemo vilisikiliza, setilaiti ilitazama, na hesabu za pande mbili zikakataa kulingana. Ukijumlisha nguvu za matetemeko yote ya Julai na Agosti, likiwemo la 5.9, hazitoshi kueleza ardhi ilivyosogea. Sehemu kubwa ya kazi ilikuwa imefanyika bila mtikisiko wowote. Eric Calais na wenzake, wakiwemo Watanzania, waliyaeleza hayo katika jarida la Nature, Desemba 2008.

Hivi ndivyo walivyoyapanga mambo. Kwanza, ufa uliozikwa chini ya Gelai uliteleza polepole. Ulihama kimyakimya, kama mpangaji anayedaiwa kodi ya miezi mitatu: leo godoro, kesho meza, na jirani hajasikia hata mlango. Kuteleza huko kukalegeza mbano wa miamba iliyo karibu. Chini zaidi kulikuwa na magma, uji wa mawe ulioyeyuka, ukingoja nafasi. Mbano ulipolegea, magma ikajipenyeza ikipanua ufa wake yenyewe, ikasimama kama ukuta mwembamba wa kilomita kadhaa. Wanajiolojia wanauita daiki. Haukufika juu. Ulipanda, ukapoteza nguvu, ukaganda, na ardhi iliyo juu yake ikalegea na kuzama katikati. Tetemeko tulilolikimbia Nairobi lilikuwa sehemu tu ya kazi hiyo, sehemu yenye kelele.

Waswahili tunasema kimya kingi kina mshindo mkuu, na kwa kawaida tunaisema kumwonya mtu amchunge mnyamavu. Pale mkekani niliisikia kwa upande wake wa pili. Mshindo ukishapita, sote hushughulika na mshindo: ulikuwa wa ngapi, nani alikimbia, nani alianguka. Kile kimya kilichouzaa hakuna anayekiulizia.

Nikamwuliza Mwalimu kuhusu kijiko changu. Akacheka, akaomba kalamu. Tetemeko hutuma mawimbi ya namna mbili. Ya kwanza husukuma na kuvuta miamba kuelekea yanakokwenda, na hukimbia kilomita kama 6 kwa sekunde. Ya pili hutikisa miamba upande kwa upande, ni mazito zaidi, na hukimbia kilomita kama 3.5. Kutoka Gelai hadi Nairobi ni kilomita 180 hivi kwa mstari ulionyooka. Gawanya: ya kwanza yalifika baada ya sekunde 30, ya pili baada ya sekunde 51. Kijiko kilikuwa kimepokea salamu za wale wenye mbio. Jengo likayumbishwa na wale wazito. Muda ule wa kiatu kimoja na nusu ulikuwa sekunde 21 hivi, na ndani yake kulikuwa na umbali wote wa mpaka Gelai, laiti ningejua kuusoma.

Sikulala upesi. Nilikuwa nikifikiria 5.9 nyingine. Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016, saa 9 alasiri na dakika 27, Kagera ilitikiswa na tetemeko la ukubwa huo huo. Watu 17 walifariki nchini mwetu, mamia wakaumia, na watu wa Bukoba na Missenyi wakalala nje wiki nyingi kwa sababu nyumba zilikuwa zimelala chini au zinatisha kuingia. Namba ni moja, msiba si mmoja. Kitabuni 5.9 huitwa tetemeko la wastani, na ukilipima kwa nguvu ni kweli: lile la Ziwa Tanganyika la Desemba 2005, lililofika 6.8, lilikuwa na nguvu mara 20 na zaidi, maana kila namba moja juu ni nguvu mara 32. Lakini wastani ni kipimo cha kule chini linakoanzia. Huku juu kipimo ni ukuta wa matofali ambao haukufungwa na ukuta wa pili, paa lililokaa juu yake, na aliyekuwa chini ya paa hilo.

Asubuhi, kabla ya jua kuwa kali, tulipita kwenye nyayo. Si mbali na kijiji, kwenye majivu ya volkano yaliyoganda kuwa mwamba, kuna nyayo za binadamu zaidi ya 400, zinazokadiriwa kuwa na umri wa kati ya miaka 5,700 na 19,000. Watu walipita kwenye tope la majivu, wengine kwa mwendo wa kutembea, wengine wakikimbia, na ardhi ikazitunza nyayo zao. Nilivua kandambili nikasimama kando yazo, nikapima kwa jicho. Unyayo mmoja ulikuwa mdogo kuliko wangu, kidole gumba kimekandamiza kwa nguvu. Huyo alikuwa na haraka.

Kisha tukazunguka kusini mwa ziwa kuelekea Gelai. Njia ni ya kuotea. Dereva alifuata alama za pikipiki mpaka nazo zikatawanyika. Gelai haujachongoka kama Lengai. Ni mlima mpana, umekaa kama mzee aliyejifunika shuka, na kilele chake kiko mita 2,942. Hauna moshi wala masimulizi ya watalii. Ukipita bila kuambiwa, huwezi kudhani kuwa hapo ndipo palipoyumbisha maghorofa ya mji mkuu wa nchi nyingine.

Tulipokewa kwenye boma moja na mzee aliyekuwa amekaa juu ya kigoda, fimbo magotini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Mmekuja kwa ajili ya mlima au kwa ajili ya ziwa?"

"Kwa ajili ya tetemeko," nikasema. "Lile la zamani."

Akanitazama kama anayehakikisha kuwa sina homa. Halafu akaanza kucheka, akamwita mkewe alete maziwa. Nyumba za boma zilikuwa zimesukwa kwa fito na kukandikwa udongo na samadi ya ng'ombe, chini kuliko urefu wangu. Nikamwuliza kama zilianguka. "Zianguke wapi?" akasema. "Nyumba ya fito inacheza. Ikimaliza kucheza, mama anakandika tena." Walikuwa wakihesabu matetemeko mpaka wakachoka, wakalala nje na ng'ombe, na asubuhi hakukuwa na mtu wa kuzika.

Nikamsimulia alichotufundisha bibi yangu wa Pangani: kwamba dunia imekaa juu ya pembe ya ng'ombe, naye akichoka huihamishia pembe ya pili, ndipo sisi tunatetemeka. Mzee alisikiliza kwa heshima yote mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Huyo bibi yako alikuwa mtu mzuri," akasema, "lakini kwa ng'ombe alikosea. Ng'ombe hawako chini. Ng'ombe walishushwa na Mungu, Engai, kutoka juu."

Kisha akatuambia la mlima. Siku 49 baada ya tetemeko kubwa, yaani tarehe 4 Septemba, Lengai uliacha kuchuruzika ukaanza kulipuka. Majivu yakamwagika kwenye malisho, na mifugo ikahamishwa. Kwake yeye ni jambo moja: chini kulikasirika, juu kukajibu. Nikamgeukia Mwalimu. Yeye akachagua maneno kama mtu anayevuka mto kwa mawe: mvurugano wa Gelai ungeweza kuichokoza volkano jirani, lakini kufuatana si kuzaana, na jogoo huwika kabla ya jua bila kulichomoza. Mzee akasema jogoo hana uhusiano na mazungumzo haya. Nilikunywa maziwa yangu.

"Mnataka kuona mahali?" akauliza.

Tulitembea kama nusu saa kupanda, yeye mbele, fimbo mabegani, sisi nyuma tukihema. Nilijiandaa kuona bonde limefunguka, kitu cha kupiga picha. Palikuwa na kijia cha mbuzi, chembamba, kimepita kwenye nyasi kavu kuelekea mlimani. Mahali fulani kijia kile kilishuka ghafla, kiasi cha goti, kisha kikaendelea. Kidato kimoja, kama cha ngazi iliyojengwa na fundi aliyeishiwa saruji. Nilitazama kushoto na kulia: kidato kile kilinyooka pande zote mbili, kikipita katikati ya vichaka bila kujali kichaka, na chini yake nyasi zilikuwa na kijani kidogo, kwa kuwa maji ya mvua hukusanyika pale.

Mwalimu alikuwa ameshapiga magoti, anapima kwa rula. Mimi nilisimama juu, nikashuka, nikapanda tena. Mguu ulikuwa unakanyaga tofauti ya mwezi ule mmoja wa 2007. Nilijaribu kufikiria ni kiasi gani kilishuka kwa mshindo, siku ile ya kijiko, na ni kiasi gani kilishuka usiku mwingine wakati kila mtu amelala na hakuna kikombe kilicholia. Kwa kuutazama udongo huwezi kutenganisha. Umeshuka tu.

Mbuzi wakaja, kama 30, na watoto wawili nyuma yao wenye fimbo. Walipofika kwenye kidato hawakusita. Kila mbuzi aliruka chini mahali pale pale alipokanyaga mwenzake, na ukingo ulikuwa umeshalainika kwa kwato, umepungua, unarudi kuwa mteremko. Mkubwa kati ya wale watoto hakuwa na zaidi ya miaka 10.

"Hawa wajukuu wangu," mzee akasema, "ukiwaambia kuwa hii njia ilikuwa sawa, wanakucheka. Wanajua ilizaliwa hivi."

Mtoto mdogo akaruka kidato, akafuata mbuzi.